Simbilisi wa Juu ya Bati

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Mbeya imeamka na hasira zake zote. Naandika nimevaa soksi mikononi. Lakini moyo una joto! Kalista wangu, anayefundisha hapa Mbeya, amepiga simu kutoka kwao Iringa, yuko likizo, shule zimefungwa. Kasema baba yake mkubwa, Mzee Bartholomeo, anakuja Mbeya Jumamosi ya tarehe 21, kuna harusi Uyole. Kabla ya harusi atapita hapa Ilomba kukagua jiko langu.

Jiko! Si kazi, si cheti cha ubatizo. Jiko. Mzee ni bwana mifugo mstaafu na ana msimamo wake: mtu asiyeweza kutunza simbilisi asikabidhiwe binadamu. Kwao wanawafuga humo humo jikoni, wanazunguka mafiga, wanakula maganda, na mgeni akiingia anatazama chini kwanza. Simbilisi wakiwa wanene, nyumba ina subira. Wakiwa wamekonda, aga uondoke. Akiridhika nitaruhusiwa kutuma washenga. Asiporidhika, basi, Kalista nimemkosa.

Sina wasiwasi. Nilishawaambia tangu Pasaka kwamba ninao arobaini.

Ukweli, ninao wawili. Ukweli zaidi, ni wa dada Lea, mwenye nyumba na mwenye jiko. Walikuwa watatu, lakini jana ilikuwa Jumapili.

Jumanne, 10 Juni

Jirani yetu Sifaeli, fundi pikipiki, anao ishirini na sita. Mtu hana hata mchumba! Mali imekaa bure. Tena anaimba besi kwaya moja na Kalista, na kila wakifika kwenye "Amina" anageuza shingo kumtazama. Nimemwona kwa macho yangu.

Nimekwenda kuwaazima wote kwa siku moja. Nimemwambia ni kwa ajili ya utafiti. Akauliza utafiti gani. Nikasema ni wa siri. Akasema siri yangu inanuka hadi gereji, akaendelea kufunga nati. Hakunikaribisha hata kiti.

Haidhuru. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Sifaeli zimeanza kunyonyoka.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda basi kwenda Iringa. Nia ni kumbembeleza Kalista asogeze tarehe, hata hadi Krismasi. Nimevaa koti la posa. Ni la bluu, vifungo vya dhahabu, Kalista mwenyewe alinichagulia kwenye mitumba ya soko la Soweto, Mbeya, akaniapisha nisilivae mpaka siku ya kutembelewa na wazee.

Amenipokea stendi. Badala ya kufurahi akauliza koti linafanya nini mwilini. Nimemjibu nalizoesha.

Alhamisi, 12 Juni

Siku kubwa! Siku ya maisha yangu! Naandika bila soksi mikononi.

Asubuhi nimesalimia kwao, kamwene nyingi, chai, viazi. Mzee Bartholomeo hakuwepo, amekwenda shamba, namshukuru Mungu. Kisha Kalista akanipeleka kwenye majabali nyuma ya nyumba yao kuota jua. Nikainua macho. Jabali zima limejaa simbilisi! Wanene! Mmoja ni sawa na watatu wa Sifaeli. Wamejilaza juani bila mchungaji. Nikauliza ni wa nani. Kalista akasema si wa mtu, wale ni pimbi.

Si wa mtu. Maneno matamu kama nini!

Kisha akaanza ualimu wake wa sayansi darasa la tano, anahesabu kwa vidole. Pimbi ni wa majabali, simbilisi ni wa jikoni. Pimbi ana meno mawili ya juu yamechomoza, simbilisi ana meno ya panya. Pimbi nyayo zake ni laini kama mpira, anapanda hata ukuta, wakati simbilisi ukimwekea matofali mawili amefika mwisho wa dunia. Simbilisi anabeba mimba miezi miwili, pimbi saba na ushee. Akasema wengi wanawachanganya kwa kuwa wote hawana mkia, kama wanavyodhani kalunguyeye ni mtoto wa nungunungu, wakati hata ujamaa hawana.

Hapo nilishaacha kusikiliza. Nilikuwa nahesabu. Nilifika thelathini na nne.

Mimi nasema hivi: pimbi ni simbilisi aliyekosa malezi. Mpe jiko, mpe maganda, atatulia. Sikumwambia Kalista. Nataka iwe zawadi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempata mtu. Anaitwa Masumbuko, Msukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe zamani. Yuko hapa Iringa anasubiri mnada, na anajua kutega chochote chenye miguu. Ameniuliza mara tatu kama nina uhakika na ninachokitaka. Akasema kule Usangu hajaona mtu anayefuga hawa, tena ni wanyama wa porini, na watu wa wanyamapori wakitukuta tutajieleza vizuri. Nimemwambia mjini mambo yamebadilika.

Malipo aliyotaka ni kitu kimoja tu. Koti.

Nimefikiri kama dakika nzima. Mzee anakuja kuangalia jiko, haji kuangalia koti. Nimelivua. Tumepatana pimbi kumi na wawili. Nimempa namba yangu na maelekezo: Ilomba, nyumba ya Lea mshonaji.

Jumamosi, 14 Juni

Amepata kumi na mmoja. Ameona haya kweli kweli. Ameapa wa kumi na mbili atamleta mwenyewe, neno ni neno. Nimemwambia asijisumbue.

Nimepata lifti kwenye lori la vitunguu, mimi na matenga mawili nyuma. Dereva aliuliza nimebeba nini. Nikasema kuku. Tulipofika Mafinga matenga yakaanza kukoroma. Dereva akashuka, akasikiliza, akauliza ni kuku gani hao. Nikasema ni wa kienyeji, wana mafua. Tulipofika Makambako mmoja akaning'ata kidole gumba, nikapiga ukelele, nikamwambia dereva hata mimi nimeanza mafua.

Meno mawili ya juu yamechomoza. Hilo Kalista alilisema sawa.

Jumapili, 15 Juni

Dada Lea alipokwenda ibadani nikajenga banda jikoni. Matofali mawili kwenda juu, kama desturi. Nikamimina pimbi wote kumi na mmoja. Nikageuka kuchukua maganda ya viazi. Kugeuka tena, banda tupu! Matofali yamenitazama, nami nikayatazama.

Walikuwa kwenye kenchi, juu ya mbao za paa. Wote, wamejipanga kama wazee wa baraza.

Dada Lea akarudi na Biblia yake kwapani. Akasimama mlangoni. Akainua macho. Kisha akasema, Gwe Yotamu, naingia chumbani kuvua viatu, nikitoka nisikute kitu.

Alitoka akakuta. Sina haja ya kuandika mengine. Nimelala stoo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimejifunza jambo moja kuhusu pimbi ambalo Kalista hakulisema: wote wana choo kimoja. Wanachagua mahali, na wakishachagua hawahami. Wamechagua gunia la mchele wa Madibira ambalo dada Lea ameliweka kwa ajili ya wageni wa Jumamosi.

Amewafukuza kwa ufagio. Wametoka kwa kupanda ukuta, wakapita kwenye upenyo wa paa, sasa wako juu ya bati wanaota jua. Mtaa mzima umekusanyika barabarani. Sifaeli amepiga picha akatuma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, eti Yotamu amefungua mbuga!

Nimesimama juu ya ndoo nikawatangazia majirani kwamba hii ni mbegu mpya, inaitwa simbilisi wa juu. Hawachafui jiko, hawahitaji banda, wanajipasha joto wenyewe. Watu wakatikisa vichwa. Lakini mama mmoja wa mtaa wa pili akaomba nimwekee wawili wakizaa!

Wakizaa. Miezi saba na ushee. Sikumtajia.

Jumatano, 18 Juni

Siku tatu zimebaki. Lazima washuke.

Nimejaribu majani ya viazi. Nimejaribu ndizi. Nimejaribu kuwaita kwa sauti ya upole. Nimeweka tenga katikati ya bati, mdomo wazi juani, waone kwamba ndani hamna hila. Hakuna aliyesogea. Nikapanda ngazi na neti ya mbu. Mkubwa wao akanionyesha yale meno. Nikarudi nyuma hatua moja, kumbe hatua zilikuwa zimeisha.

Nimeangukia kwenye kabichi za Sifaeli. Alinisaidia kuinuka, akanifuta udongo, akaniuliza kwa nini nisimwambie Kalista ukweli, eti Kalista ni mtu mwelewa. Ujanja mtupu! Anataka nijichimbie kaburi ili yeye aimbe besi kwenye harusi akiwa bwana harusi. Nimeondoka bila kumshukuru.

Ijumaa, 20 Juni

Mungu yupo! Asubuhi naamka, bati letu halina kitu. Pimbi wote wamehamia kwa Sifaeli. Bati lake ni jipya, linashika moto mapema. Kumi na mmoja, wamelala pale kama wamelipa kodi.

Nimekaa nikafikiri, na mpango mpya umekuja wenyewe. Wako juu ya bati la nani? La Sifaeli. Basi ni wa nani? Mimi sisemi kitu. Mzee ana macho.

Dada Lea ananunua mchele mwingine. Kasema kesho ikishindikana nitafute pa kwenda.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Walifika saa nne, Mzee Bartholomeo na Kalista. Nikatoa shikamoo hadi magotini. Kalista alikuwa amevaa vizuri mno, na alinitazama mabegani kabla ya kunitazama usoni. Akauliza koti liko wapi. Nikasema kwa dobi.

Mzee akaingia jikoni, akachuchumaa. Akawaona wale wawili wa dada Lea. Akawapapasa, akasema ni wazima, ila ni vikongwe na wote majike. Akauliza thelathini na nane wengine wako wapi. Nikasema wamepelekwa chanjo. Akasema amefanya kazi ya mifugo miaka thelathini na moja, hajasikia chanjo ya simbilisi. Nikasema imeingia juzi.

Akainuka, akatoka nje kupata hewa. Akainua macho kwenye bati la jirani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza ni nani aliyeleta pimbi mjini.

Nilikuwa na nafasi pale. Najua. Sifaeli alikuwa amesimama kwenye uzio wetu na mikono yake ya grisi. Kalista ananitazama mimi tu. Nami, Mungu anisamehe, nikamnyooshea Sifaeli kidole. Nikatikisa na kichwa kwa huzuni, nikasema tumemshauri sana.

Sifaeli alinitazama, akafuta mikono kwenye suruali.

Ndipo geti likagongwa. Akaingia Masumbuko. Koti la bluu, vifungo vya dhahabu vinang'aa, kiroba mkononi kinakoroma. Akasalimia kila mtu kwa heshima zote. Akaniomba radhi kwa kuchelewa, akasema huyu hapa wa kumi na mbili, deni la muungwana. Kisha akauliza wale kumi na mmoja niliosafiri nao wanaendeleaje.

Lo! Hata pimbi juu ya bati waliacha kukoroma.

Mzee Bartholomeo akaanza kucheka. Alicheka hadi dada Lea akamletea maji, akacheka na maji mdomoni. Akasema pimbi ni jamaa wa tembo zaidi kuliko wa simbilisi, na kwamba hajawahi kuona mtu akisafirisha jamaa wa tembo kwenye lori la vitunguu. Kidogo nikapata matumaini.

Lakini Kalista hakucheka. Alikuwa analitazama koti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuchanganya pimbi na simbilisi amenisamehe, wengi wanachanganya. Kutoa koti pia labda atanisamehe, si leo. Lakini nimemsingizia mtu mbele ya baba yake mkubwa. Akasema mwaka mzima amenitetea kwao, kila mtu anamwambia Yotamu ni maneno matupu, yeye anakataa. Machozi yakamtoka. Nilitaka ardhi ipasuke. Nampenda Kalista. Naliandika hapa kwa kuwa pale sikuweza kulisema.

Mzee akamwacha alie, kisha akatoa uamuzi. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, yako imeishia kwenye bati. Kwanza, nimwombe Sifaeli radhi. Nikaomba. Sifaeli akasema yameisha, na nikaona kabisa kwamba kwake yameisha, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Pili, pimbi wote warudi kwenye jabali lao, mnyama wa porini hafugwi bila kibali. Tatu, Kalista alete kile kikapu kilicho kwenye gari.

Ndani mlikuwa na simbilisi wawili. Jike na dume, wachanga, wamefunikwa na kanga ya mama yake Kalista. Kumbe walikuwa zawadi yangu tangu mwanzo, ya kuongezea kwenye wale arobaini. Mzee akasema, kijana, mwezi wa sita mwakani narudi. Nikikuta kumi, tuma washenga. Nikikuta pungufu, usipoteze nauli.

Kalista akanikabidhi kikapu. Akasema sihitaji akili yoyote, ni majani tu na maganda. Hata nikilala, watazaa. Na jambo moja tu analoniomba: kuanzia leo nimwambie ukweli, hata ukiwa mbaya.

Nikaapa.

Jumapili, 22 Juni

Jana kabla ya kwenda harusini Mzee aliwategea pimbi wote bila kupanda ngazi. Alimwambia Sifaeli aweke tenga kwenye kona ya bati, mdomo uelekee kivulini, alifunike kwa gunia jeusi. Jioni baridi ilipobana wakaingia mmoja mmoja wenyewe. Pimbi anapenda pango, akasema. Mimi niliwawekea juani.

Masumbuko amewachukua kuwarudisha Iringa. Nilimwuliza kuhusu koti. Akasema linamkaa vizuri.

Jumatatu, 23 Juni

Dada Lea amehamishia simbilisi wake chumbani, anafunga kwa kufuli. Jiko lote ni langu. Wangu wawili nimewapa majina, Neema na Bwana Mkubwa. Wanakula vizuri. Nimekaa kuwatazama asubuhi nzima.

Hawafanyi kitu.

Jumanne, 24 Juni

Wawili bado.

Jumatano, 25 Juni

Leo nimebadilika. Naliandika kwa herufi kubwa: NIMEBADILIKA. Sisemi uongo tena, na sikurupuki tena.

Nilikwenda sokoni Soweto kutafuta majani. Pale nikakutana na mtu ana ndoo, ndani ya ndoo ana kitu cha duara kina miiba. Kidogo, kama embe. Nikauliza ni nini. Akasema kalunguyeye. Nikauliza atakuwa nani akikua. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, bosi, wewe mwenyewe unamwonaje? Nikasema naona nungunungu. Akasema hajawahi kukutana na mtu mwenye jicho kama langu.

Nungunungu mzima, jikoni! Mwezi wa sita mwakani Mzee Bartholomeo anaingia, anatazama chini, anakuta nungunungu! Simbilisi kumi kila mtu anao. Hata Sifaeli anao.

Safari hii sikukurupuka. Nilimuuliza yule mtu maswali matatu, na yote aliyajibu. Hakutaka koti, hakutaka chochote ila simbilisi wawili, lazima wawe jike na dume. Bahati ya ajabu, kwa sababu ndio hasa nilikuwa nao. Nilikwenda mbio nyumbani nikarudi na kikapu. Kanga nayo ameiomba, nimempa.

Jioni nimempigia Kalista. Kiapo ni kiapo. Nimemweleza ukweli wote bila kuficha hata nukta: ndoo, miiba, Neema, Bwana Mkubwa, kanga ya mama.

Nilimsikia anapumua tu, halafu simu ikakatika. Nafikiri ni furaha. Nimemwacha kwanza alie.

Kalunguyeye amejikunja kuwa mpira tangu saa kumi. Nimempima kwa futi ya dada Lea. Kesho nitampima tena.